Herufi Moja Inayoizuia Vivax Pwani ya Mtwara

Ukitobolewa kidole kwenye zahanati yoyote kati ya Mikindani na Msimbati, na kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, karibu kila mara kimelea ni falciparum. Vivax, inayosumbua watu wengi India na Brazili, hapa ni nadra. Si kwamba mbu hawapo. Mdomo wa Ruvuma una mbu, joto na maji ya kutosha. Kinachoikwamisha kimo ndani ya damu ya wenyeji: herufi moja ya DNA.

Mwaka 1976, Louis Miller na wenzake wa Marekani walionyesha kuwa wasio na protini ya Duffy kwenye chembe nyekundu za damu hawakuambukizwa vivax, kwani kimelea hicho huishika protini hiyo ili kiingie. Watu wengi mno wa ukanda wetu hawana Duffy. Je, jeni yao imeharibika?

Jibu lilitoka Paris mwaka 1995, na mimi bado linanistaajabisha: jeni ni nzima. Ila kila jeni hutanguliwa na kipande cha DNA kiitwacho promota. Chenyewe hakibebi maelekezo ya protini. Huamua unakili uanzie wapi na katika seli zipi. Kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA hakianzi popote tu. Kama jahazi, hutafuta gati, na zipo protini za kukiongoza. Ndani ya uboho, chembe nyekundu zinapokomaa, kiongozi ni GATA-1, inayotambua mfuatano mfupi wa herufi. Kwa aliyerithi badiliko hili kwa baba na mama, T moja katika mfuatano huo imekuwa C. GATA-1 haishiki, unakili hauanzi, chembe nyekundu hukomaa bila Duffy. Kwenye kuta za mishipa ya damu, jeni ileile hufanya kazi kama kawaida.

Kinga hii si kamili: mwaka 2010 watafiti waliripoti vivax kwa wasio na Duffy huko Madagaska.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila tabibu wa Mtwara alikumbuke anaposoma majibu ya picha kamili ya damu. Utafiti wa 2009 ulihusisha C hiyohiyo na upungufu wa chembe nyeupe aina ya nyutrofili, kwa watu wazima wa afya. Ukitumia viwango vilivyotungwa kwa Wazungu, mtu mwenye C hiyo ataonekana mgonjwa, na anaweza kucheleweshewa dawa ya saratani bila sababu. Mvuvi wa Msimbati apimwe kwa viwango vilivyotokana na damu ya watu wa pwani yake.