Kutoka Mweso hadi Idjwi: safari ya kuzunguka kisiwa inayopangwa kwa siku za kasiksi

Katika barabara inayopita Mweso, wilayani Masisi, karibu kila msafiri ana sababu nzito: soko, hospitali, maziko, ao kukimbia. Mwezi wa kwanza 2024 mapigano yalifika hadi mjini, na maelfu ya raia wakatafuta usalama ndani ya hospitali kuu. Mtu akisema leo kwamba anapanga safari ya kutembea tu, aone ziwa, ale samaki na anywe kasiksi, jirani zake watadhani ameokota dola.

Hata hivyo safari hiyo inapangika. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, ni cha pili kwa ukubwa katika maziwa ya Afrika baada ya Ukerewe ya Tanzania. Toka Mweso mpaka Goma ni karibu kilometa 100, kisha ni boti. Siku tano zinatosha kwa mtu asiye na haraka: moja ya kushuka Goma, moja ya kuvuka, mbili za kuzunguka kisiwa, na ya mwisho ya kurudi Goma. Kupanda tena Mweso ni hesabu nyingine, inategemea hali ya barabara.

Huko Italia, katika kisiwa cha Sicily, wageni hulipa pesa nyingi kwa jambo la namna hiyo. Hukodi gari, huzunguka mlima wa moto Etna, husimama kwa wakulima kuonja divai ya zabibu zilizopandwa juu ya udongo wa lava, na kula foromaji ya kondoo. Kivu ina milima ya moto, ina lava, ina foromaji, na divai yake ni ya ndizi. Inachokosa ni amani na barabara nzuri, na hakuna sababu ya kujidanganya kwamba hayo ni mambo madogo.

Chakula cha safari kinaanzia milimani kabla ya kuona maji. Foromaji ya Masisi, ile ya mviringo inayouzwa Goma, hutoka katika mashamba ya ng'ombe ya upande huu, na kipande chake kinavumilia siku nyingi katika mfuko. Upande wa Kitshanga kuna maziwa madogo ya Mokoto na monasteri iliyoanzishwa mwaka 1954 na wamonaki wa Scourmont, Ubelgiji, ambao watu wengi duniani wanawajua kwa pombe na foromaji ya Chimay. Mahali hapo ni pazuri sana, na pana kumbukumbu chungu: mwezi wa tano 1996 watu waliokimbilia monasteri hiyo walishambuliwa na kuuawa. Anayepita huko apite akijua.

Kutoka Kitshanga barabara inashuka kwa Kilolirwe mpaka Sake, yote udongo. Lami inaanza Sake kuelekea Goma. Mvua za mwezi wa tatu hadi wa tano, na za mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili, zinageuza sehemu nyingi kuwa tope. Ndiyo maana kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, ni wakati mzuri zaidi. Juu ya usalama, habari ya jana haitoshi. Madereva wa moto na wa malori wanaulizwa asubuhi ileile ya kuondoka, na kama wao wenyewe wamekaa wanangoja, msafiri naye angoje.

Suala la pesa nalo linataka mpango. Tangu AFC/M23 iingie Goma mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga milango, na watu walijifunza kuishi kwa pesa za mkononi na za simu. Kisiwani, noti ndogo za franga ndizo zenye kazi. Dola iliyochanika hata kidogo inakataliwa, kama kila mahali Kongo. Kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi, isisahauliwe nyumbani.

Sehemu ngumu ya mpango ni ziwa lenyewe. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingoja. Makumi ya abiria walikufa. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi, kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara na wasafiri wote wakahamia majini. Kwa hiyo anayekwenda Idjwi kwa furaha yake hana sababu yoyote ya kupanda boti iliyojaa, boti ya usiku, ao boti isiyo na jile ya kuokolea kwa kila abiria. Mfanyabiashara anaweza kusema bidhaa zake zitaoza. Mtalii hana bidhaa. Anaweza kulala Goma na kungoja kesho.

Kisiwani hakuna lami. Watu wanatembea kwa miguu na kwa moto, na ni vema kukodi moto pamoja na dereva wa hapohapo, anayejua miteremko na anayejua nani wa kusalimu. Kaskazini ni usultani wa Rubenga, ambako kuna Bugarula, makao makuu ya wilaya. Kusini ni usultani wa Ntambuka, upande wa Kashofu na Monvu. Wenyeji wengi ni Bahavu, na Bambuti wamo pia. Pwani ya mashariki inaangalia Rwanda; ya magharibi inaangalia milima ya Kalehe. Usiku usio na mawingu, kwa kaskazini, mara nyingine mwanga mwekundu wa Nyiragongo unaonekana juu ya maji.

Mezani kuna sambaza wa kukaanga, bugali, sombe, maharagi, makemba, na mananasi ambayo Goma na Bukavu wanayajua vizuri. Sambaza si mwenyeji wa ziwa hili: aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Leo ni vigumu kufikiri Kivu bila taa za wavuvi wake usiku.

Kisha kasiksi. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa pamoja na majani, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na kinywaji kinaachwa kichache kwa siku mbili ao tatu. Baada ya hapo kinachacha zaidi na ladha inaharibika. Divai ya Sicily inaweza kumngoja mgeni miaka kumi katika chupa; kasiksi haimngoji hata wiki moja. Ndiyo sababu mwenye kupanga vizuri anauliza kwanza siku ya soko la kila mahali, kwa maana mama wengi wanakamua ndizi kwa kuhesabu siku hiyo, halafu anapanga njia yake kuzifuata.

Kahawa ya Idjwi inastahili kunyweshwa polepole. Kwa miaka mingi wakulima walivuka ziwa usiku kwa mitumbwi kwenda kuuza kahawa yao Rwanda kwa siri, na wengi walizama, wakaacha wajane na yatima. Vyama vya ushirika kama CPNCK vimewapa wengine njia ya kuoshea kahawa na kuiuza kutoka kisiwani mwao. Kilo moja iliyonunuliwa pale ni kilo ambayo haikuvuka gizani.

Msafiri wa Mweso ana jukumu moja ambalo mgeni wa Ulaya hana. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Kongo mara ya kwanza mwaka 2001, wilayani Masisi, kisha ukaenea hadi Kivu Kusini. Mgomba unakuwa manjano, ndizi zinaoza kabla ya wakati, na familia inapoteza chakula, kasiksi na ada ya shule kwa pamoja. Ugonjwa unabebwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba, na panga isiyosafishwa, na miche. Wakulima wanapigana nao kwa kukata lile ua kwa kijiti chenye panda, kung'oa shina lililougua, na kupitisha panga motoni.

Kwa hiyo panga ya shambani ibaki Mweso. Mche wa mgomba usipande boti, wakati wa kwenda wala wa kurudi, hata kama ni zawadi ya shangazi. Kahawa, mananasi na sambaza waliokaushwa vina nafasi ya kutosha mfukoni, na foromaji iliyobaki ni zawadi nzuri kwa mwenye moto siku ya kuagana.