Mbwa Mwitu Akirudi, Nani Yuko na Mbuzi?

Wanangu, nikitaja mbwa mwitu najua wengi wenu mnamkumbuka yule wa kwenye Biblia, anayejivika ngozi ya kondoo. Yule ni mnyama mwingine kabisa. Waliotafsiri maandiko walitafuta jina la mnyama wa mbali asiyeishi kwetu, wakampa jina la mnyama wetu. Tangu hapo wawili hawa wanatumia jina moja, na wa kwetu amebebeshwa lawama za mwenzake juu ya zake mwenyewe.

Wa kwetu ni mwembamba, miguu mirefu, masikio makubwa ya mviringo. Ngozi yake ina mabaka meusi, ya manjano na meupe, na hakuna wawili wenye mabaka yanayofanana. Tena kuna jambo mnaweza kulipima leo hii. Mshikeni mbwa wenu wa nyumbani mguu wa mbele, mhesabu vidole: vinne chini, na kimoja kidogo juu kwa ndani. Mbwa mwitu hana hicho cha tano.

Huishi kwa kundi, na kundi ni ukoo. Wakirudi kutoka mawindoni huwatapikia nyama watoto waliobaki pangoni, pamoja na aliyebaki kuwalea. Watoto wakiwa wakubwa kidogo na kuanza kufuatana na kundi, huachiwa mzoga wale kwanza huku wakubwa wakingoja. Mimi nimesikia watu wakimwita mnyama katili, kwa sababu huanza kula windo kabla halijakata roho. Ni kweli hufanya hivyo. Na lile la kuwatanguliza watoto ni kweli pia.

Singida tunao. Ukitoka Manyoni ukafika Itigi, kisha ukashika njia ya kusini kupitia Mitundu, unaelekea kwenye mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Huko mbwa mwitu bado wanakimbia. Afrika nzima walikadiriwa kubaki kama 6,600 tu, na Tanzania ni kati ya nchi zenye wengi. Hatujalazimika kuwarudisha Rungwa kwa gari. Sikilizeni sasa habari ya Serengeti, ambako ililazimu.

Mwaka 1991 makundi ya mwisho yaliyokuwa yakifuatiliwa katika mbuga za Serengeti yalitoweka. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeua baadhi yao, na wataalamu wakabishana miaka mingi juu ya sababu nyingine. Lakini nje ya hifadhi, upande wa Loliondo, mbwa mwitu walianza kuonekana tena na kuzaana. Huko waliwakuta mbuzi na kondoo wa Wamasai, wakawala. Wafugaji wakalalamika, na wengine wakachoka kulalamika wakachukua sumu na mikuki.

Mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwahamisha. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, waliwakamata Loliondo kundi kwa kundi, wakawaweka kwanza ndani ya uzio magharibi mwa Serengeti wapazoee, ndipo wakawafungulia. Kundi la kwanza lilifunguliwa na Rais Jakaya Kikwete mwenyewe. Mnaona ilivyokuwa? Mnyama aliondolewa penye mbuzi akapelekwa penye swala. Mfugaji akapumua, hifadhi ikapata wake. Ila mbwa mwitu hajui mpaka wa hifadhi. Kundi moja huzunguka eneo la mamia ya kilomita za mraba, na kijiji kikiwa njiani, hupita kijijini.

Marekani walifanya hivyo hivyo kwa yule mwingine, wa kwenye Biblia. Katika hifadhi ya Yellowstone aliuawa mpaka akaisha miaka ya 1920. Mwaka 1995 na 1996 wakaletwa 31 kutoka Kanada. Hapo ugomvi ukaanza, na haujaisha. Wawindaji walisema wanamaliziwa elki, mnyama mkubwa anayefanana na swala, anayewapa nyama ya msimu mzima. Kundi la kaskazini mwa Yellowstone lilikuwa na elki kama 19,000 mwaka 1994. Mwaka 2013 walihesabiwa chini ya 4,000. Wanasayansi wakajibu kwamba dubu nao walikuwepo, ukame ulikuwepo, na bunduki za wawindaji wenyewe zilikuwepo. Nadhani wote walikuwa na sehemu ya ukweli.

Jimbo la Colorado likapiga kura mwaka 2020. Waliotaka mbwa mwitu warudishwe walishinda kwa tofauti ndogo ya kura, na wengi wao walikaa mijini. Wenye ng'ombe vijijini wengi walikataa. Desemba 2023 wakafunguliwa kumi wa kwanza. Miezi michache baadaye ndama na kondoo wakaanza kuuawa. Sheria ya huko inamlipa mfugaji hadi dola 15,000 kwa mnyama mmoja. Hata hivyo wafugaji wana hasira, na mimi nawaelewa. Kura ilipigwa na mtu, hasara ikalala kwa mtu mwingine.

Kwetu sheria inatoa kifuta jasho kwa hasara inayoletwa na wanyama waliotajwa kuwa wakali na waharibifu. Jina lenyewe linawaambia: unafutwa jasho, hulipwi thamani ya mbuzi wako.

Na wawindaji? Rungwa kuna vitalu ambako wageni hulipa serikali ili wawinde kwa kibali, na zamani wawindaji wengi wa Afrika walimchukia mbwa mwitu kwa kuwa anafukuza swala. Leo haruhusiwi kuwindwa. Lakini yuko mwindaji mwingine hapa hapa mkoani, Mhadzabe wa Mkalama, mwenye upinde na mishale ya sumu. Yeye akiona tai wanazunguka angani hufuata, na akimkuta simba juu ya mzoga, humfukuza akachukua nyama. Kwake mla nyama mwenzake ni mshindani, na siku nyingine ndiye aliyemwindia.

Nimefika kwenu sasa. Simba na fisi huja usiku, na dawa yao ni boma imara. Simanjiro wafugaji wengi wamejenga maboma ya wavu wa chuma yenye nguzo za miti inayochipua, na wanalala. Mbwa mwitu huwinda asubuhi na jioni, jua likiwepo, mbuzi wakiwa malishoni. Boma halisaidii hapo. Anayesaidia ni mchungaji, na mchungaji ni nani kama si mtoto wa miaka kumi? Asubuhi ametoka na mbuzi arobaini na wawili, jioni anahesabu arobaini na mmoja, anahesabu tena, kisha anasimama mlangoni akitafuta namna ya kumwambia baba. Mtoto huyo sijawahi kumwona amekaribishwa kwenye kikao cha uhifadhi. Ningetaka aulizwe. Ningetaka aende malishoni na mtu mzima, siyo peke yake, na siku za shule awe shuleni.

Liko jambo moja lisilohitaji kungoja kikao. Kichaa cha mbwa hutoka kwa mbwa wa kijijini kikaingia porini, na kundi zima la mbwa mwitu laweza kuisha kwa majuma machache. Kinaua na watu. Kuzunguka Serengeti mbwa wa vijijini wamechanjwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Siku ya chanjo ikitangazwa kwenu, mfunge mbwa wako kamba umpeleke mapema kabla ya foleni. Mshike mwenyewe mguu wa mbele, amekuzoea wewe, asije akamrukia daktari wa mifugo. Na ukiwa umeushika, hesabu vidole.