Mbege ikichacha, faida nayo imekwenda

Kwa wakulima wengi wa migomba mkoani Kilimanjaro, mbege ni njia mojawapo ya kuongeza thamani ya ndizi. Tatizo la biashara hii ni muda. Baada ya siku moja au mbili pombe huanza kuwa kali kama siki, na wateja huikimbia.

Hesabu yake ni rahisi. Ukipika lita 100 na faida yako ni robo ya mauzo, lita 25 zikiharibika umefanya kazi ya bure.

Ili kuepuka hasara hiyo, ni vizuri kuelewa kinachotokea ndani ya pipa. Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka sukari. Ulezi uliooteshwa, yaani kimea, nao huwa na vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Hamira hula sukari hiyo na kutoa kileo pamoja na hewa ya kaboni dioksidi, ambayo ndiyo mapovu tunayoyaona. Kilo 10 za sukari hutoa kileo kisichozidi kilo 5 hivi; nyingine huondoka kama hewa. Ndiyo maana ndizi zisizoiva vizuri hutoa pombe hafifu.

Kuanzia mwaka 1857, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kuwa kazi hii hufanywa na viumbe hai, na kila aina ina matokeo yake. Hamira huleta kileo. Bakteria wa siki hugeuza kileo hicho kuwa asidi, lakini wanahitaji hewa. Bakteria wengine wanaochachua hawahitaji hewa. Hao huingia kupitia vyombo vichafu.

Kwa hiyo osha pipa, kata na vichujio, kisha suuza kwa maji yaliyochemka. Jaza pipa karibu na mdomo na ulifunike vizuri, ukiacha mpira mwembamba unaoishia ndani ya chupa ya maji. Kaboni dioksidi itatoka, hewa ya nje haitaingia.

Anayetaka kuuza mbali, kama wanavyofanya watengenezaji wa mvinyo wa ndizi Arusha, lazima asubiri mapovu yaishe, achuje, kisha apashe moto nyuzi 60 hadi 65 kwa dakika 20 au zaidi. Akifunga chupa mapema, zitapasuka. Atahitaji pia leseni na alama ya ubora ya TBS.

Anza na majaribio madogo. Gawa pombe ya siku moja katika mapipa mawili, moja lifunge hivyo, jingine liache kama kawaida. Andika kila moja limedumu siku ngapi, ndipo uamue kuongeza mtaji.