Kupatana Bei ya Nyumba katika Mitaa ya Kale ya Mombasa

Katika mitaa ya kale ya Mombasa, bei ya nyumba hujadiliwa kwanza na wenyewe kabla ya kumfikia mnunuzi. Nyumba nyingi ni za urithi, na kwa hesabu ya faraidhi, yaani mirathi ya Kiislamu, mtoto wa kiume hupata mafungu mawili, wa kike moja, na mjane thumni ikiwa marehemu aliacha watoto. Warithi hukutana, hukubaliana bei wasiyoshuka chini yake, kisha humteua msemaji, mara nyingi ami au kaka mkubwa. Mnunuzi anayezungumza na mrithi mwingine huweza kupewa bei nzuri, ila bei hiyo haimfungi yeyote.

Mshirika katika umiliki ndiye wa kwanza kuulizwa. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, humpa haki ya shufaa: mwenzake akimuuzia mtu wa nje fungu lake, yeye aweza kulichukua kwa bei ileile. Jirani hana haki hiyo katika madhehebu haya, lakini kwa ujirani mwema hupewa habari mapema.

Wa ndani wasipochukua, kazi hupewa dalali. Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale, mnunuzi makini huja na fundi. Fundi hutazama boriti za mikoko darini kama zimeliwa na mchwa, hubonyeza lipu ya chokaa iliyopanda chumvi, na kila kasoro huwa hoja ya kupunguza bei. Muuzaji naye hapaswi kuficha kasoro anayoijua, kwani kwa fiqhi ikigunduliwa baadaye mnunuzi ana haki ya kurudisha mali. Mazungumzo yenyewe huenda kwa heshima na kwa kuviziana:

“Ami, mwisho ni ngapi?”

“Na wewe, mwanangu, wafika ngapi?”

Anayetaja kwanza hujifunga, kwa hiyo dalali hupita kati yao akipeleka bei na kurudisha jibu.

Katika mtaa wa Majengo kuna jambo la ziada. Nyumba nyingi za Kiswahili za huko, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Kinachouzwa ni kuta na paa. Mnunuzi huuliza kama mwenye ardhi ameridhia na kama kuna malimbikizo ya kodi. Yakiwepo, muuzaji huyalipa kwanza au hukatwa katika bei, na bei ya nyumba ya namna hii huwa chini ya ile yenye ardhi yake.

Pande mbili zikishaafikiana, mtu wa tatu hatakiwi kuongeza dau, kwa kuwa dini imekataza kununua juu ya ununuzi wa mwenzio. Imekataza pia kumpanga mnunuzi wa uongo ili bei ipande. Mapatano ya mdomo hayatoshi inapouzwa ardhi: sheria ya Kenya hutaka mkataba wa maandishi uliotiwa saini mbele ya mashahidi. Kwa kawaida wakili huuandaa na mnunuzi hutanguliza asilimia 10 ya bei. Salio likilipwa, dalali hupewa ujira wake, na kilichobaki hugawanywa kwa mafungu ya urithi.