Kalooli Aliyeanguka

Makinda ya kalooli, yule korongo mkubwa mwenye kichwa kipara, hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruka. Katika miti mirefu ya Kampala baadhi yao huanguka kabla ya wakati. Watu hukusanyika: huyu anamkumbatia kinda, yule anammiminia maji mdomoni. Huruma ya namna hiyo huweza kumuua.

Ndege hana kiwambo kama chetu kinachotenga kifua na tumbo. Ili avute pumzi, mfupa wa kidari sharti ushuke na kupanda, hewa ipite mapafuni na kwenye vifuko vilivyotapakaa mwilini, hata ndani ya baadhi ya mifupa. Ukimbana kifua, anakosa hewa ingawa pua zi wazi. Nayo njia ya hewa huanzia kwenye mzizi wa ulimi, kwa hiyo maji ya kumiminiwa huingia mapafuni kwa urahisi.

Si kila ndege aliye chini amepatwa na balaa. Ndege wadogo wengi hutoka kiotani kabla hawajaweza kuruka vizuri, na wazazi huwalisha hapo hapo chini. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka, mwache, ukae mbali uangalie. Aliyeng'atwa na paka ni habari nyingine: vijidudu vya mate ya paka huua hata pale jeraha lisipoonekana. Huyo mtie kwenye boksi lenye matundu, gizani, pasipo kelele. Usimpe mkate wala maziwa.

Kalooli afunikwe kichwa kwa kitambaa, na mdomo ushikwe kwanza, maana huweza kutoboa jicho. Vaa glavu pia, kwa kuwa ndege huweza kubeba magonjwa: Januari 2017 mafua ya ndege yaliua ndege wahamao kwenye ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe.

Kisha piga simu kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoko Kamwokya, Kampala, au kituo cha wanyama cha Entebbe, kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 hairuhusu kumfuga ndege wa porini nyumbani bila kibali. Wengi humdharau kalooli kwa sababu hula taka na mabaki ya machinjioni. Kwangu mimi, anastahili matibabu sawa na korongo taji aliye kwenye bendera ya Uganda.

Mfupa wa ndege uliovunjika huunga upesi, mara nyingi ndani ya wiki chache. Misuli ya kurukia ndiyo inayochelewa, maana hunywea akiwa kifungoni, na lazima azoezwe kwenye banda pana. Naye kalooli, mwenye mabawa yanayoweza kuzidi mita mbili na nusu yakitandazwa, hutegemea hewa ya joto impandishe. Kwa hiyo asiachiliwe alfajiri. Asubiri hadi jua lipashe ardhi, kuanzia saa nne hivi.