Opala, nchi ya mto Lomami



Tangu mapigano ya mwaka 2023 katika komuni ya Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo mjini Kisangani, jina la Opala limekuwa midomoni mwa watu. Husemwa Wambole ni wa Opala, Walengola ni wa Ubundu, na kwamba ugomvi wao ni wa tangu zamani. Tunaona ni vema tuitazame nchi yenyewe kwanza.

Opala ni teritware ya jimbo la Tshopo, kusini-magharibi ya Kisangani. Mji wake mdogo uko kandokando ya mto Lomami. Kwa mstari ulionyooka, toka Kisangani ni zaidi ya kilomita 150, na katikati unavuka ikweta. Lakini hakuna anayesafiri kwa mstari ulionyooka. Kwa maji, baleniere inateremka Lomami hadi Isangi, mahali mto huo unapoingia Kongo, kisha inapanda tena kwenda Kisangani. Kwa nchi kavu kuna barabara ya msituni, ambako mvua moja yatosha kuharibu safari, na baiskeli zilizobeba mchele, muhogo na nyama ya moshi husukumwa kwa mguu siku nyingi. Barabara hiyo inafikia Lubunga.

Reli ya kwenda Ubundu nayo inaanzia upande huohuo wa kushoto. Ilifunguliwa mwaka 1906, urefu wake kilomita 125, ili kupita maporomoko ya mto. Kwa hiyo mtu wa Opala na mtu wa Ubundu wote huingia mjini kwa mlango mmoja. Ndiyo maana wanaishi pamoja Lubunga, na ndiyo maana ardhi ya hapo inawagusa wote wawili.

Wataalamu wa lugha, tangu Malcolm Guthrie, wameweka Kimbole na Kilengola katika kundi moja, pamoja na Kienya cha wavuvi wa maporomoko. Wambole walikuwa na lilwa, chama cha kimila kilichofundisha vijana sheria kwa kuwaonyesha sanamu za watu walionyongwa kwa kuvunja miiko. Sanamu hizo leo ziko katika makumbusho ya Ulaya. Hatutaki kitanzi kirudi, hata kidogo. Lakini asiwepo wa kusema kwamba watu wa msitu waliishi bila mahakama.

Wakati wa mpira, Lomami iliwekwa mikononi mwa kampuni. Baadaye serikali ya Wabelgiji ilihamisha vijiji kuvipanga kando ya barabara, na dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ikaimarisha mfumo wa sekta, ambazo ziliunganisha koo mbalimbali chini ya chifu mmoja aliyewekwa na utawala. Mipaka hiyo ilifaa kwa kodi na kazi za lazima. Haikufuata mahali ambapo kila ukoo uliwinda au kuvua, na mizozo mingi ya leo inatoka hapo.

Katika vita vilivyoanza mwaka 1998 mstari wa mapigano ulifika Ikela, magharibi mwa Opala. Halafu dunia ikaisikia Opala kwa sababu nyingine: mwaka 2007 watafiti walimwona mjini hapo kima aliyefugwa nyumbani, ambaye sayansi haikumjua. Wenyeji walimwita lesula tangu zamani. Alitangazwa rasmi mwaka 2012, na mwaka 2016 Hifadhi ya Taifa ya Lomami ikaundwa katika Tshopo na Maniema. Huo nao ni mpaka mwingine kwa wawindaji.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali. Haki za jamii zinazokaa juu yake zilipaswa kuelezwa kwa amri ya Rais, ambayo ilisubiriwa miaka mingi bila kutoka. Katika pengo hilo ndipo ardhi ya ng'ambo ya kushoto ilipotolewa kwa kampuni ya kilimo, na mwaka 2023 jirani wakashikiana mapanga juu ya nani alikuwa na haki ya kuitoa.

Basi wazee na machifu mnapokutana, ulizeni kwanza karatasi: nani alitia sahihi, kwa niaba ya koo zipi, na mipaka ilipimwa mbele ya nani?