Mtoto akikosa, apelekwe wapi? Uzi mfupi

Kila mjadala wa usalama ukipamba moto, mmoja husema sheria inawadekeza watoto wahalifu, mwingine anajibu kwamba watoto wanateswa. Wote makofi. Lakini sheria yenyewe nani amesoma? Twende polepole.

Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Ndiyo, 8! Aliye chini ya 14 naye huchukuliwa hajui jema na baya, mpaka korti ipate ushahidi kwamba alijua.

"Kwa hivyo wa 16 anaachiliwa tu?" La. Anashtakiwa. Ila hawezi kufungwa jela ya watu wazima wala kuhukumiwa kifo. Anaweza kuwekwa chini ya afisa wa probesheni au kupelekwa borstal kama Shikusa na Shimo la Tewa. Na huko si pikiniki, hutoki unavyotaka.

Kuna njia nyingine ambayo wanasiasa huisahau: mtoto akikubali kosa bila kushurutishwa, anaweza kuondolewa kwenye mkondo wa kesi. Anaomba msamaha, analipa au kurudisha alichochukua, anapata ushauri. Wewe uliyeibiwa simu, si ungependa hiyo kuliko kurudi kortini mara sita?

Sasa shida yenyewe. Nimewahi kukaa kortini nikisubiri kesi ya jamaa yangu. Kizimbani kuna kijana, karatasi ya mashtaka inasema ana 18. Mamake kule nyuma anasema 15, lakini cheti cha kuzaliwa hana. Hakimu akaagiza apelekwe hospitali apimwe umri, meno yaangaliwe. Sawa kabisa. Lakini hadi majibu yarudi, kijana analala wapi? Rumande, na watu wazima. Hilo Kifungu cha 53 cha Katiba kinakataza: mtoto azuiliwe tu ikiwa hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi, kando na watu wazima.

Namba moja tu imeandikwa pale kituoni, na haki zote hizo zimeyeyuka. Hakuna kifungu cha sheria cha kubadilisha hapo. Ni kazi tu haikufanywa.

Kwa hivyo akija kwenu kuahidi sheria kali au sheria laini, msimpigie makofi kwanza. Muulizeni: kaunti ndogo yetu ina maafisa wa watoto wangapi? Na kituo chetu cha polisi, mtoto akishikwa Ijumaa jioni, analala chumba gani?